Nilifunga AC chumbani Nyasubi, joto likamwangusha mama mkwe koridoni

Wakuu, kwema huko mliko?

Nimekaa dukani, mlango nimeufungua nusu, jasho linadondokea kwenye simu. Kwa miaka nimekuwa msomaji wa kimya humu ndani, nasoma visa vya wenzangu, nacheka, napita. Leo nimekuja na changu. Atakayesema ni chai, aje Nyasubi nimuoneshe tundu la ukutani.

Majina nimeyageuza kidogo maana mke wangu naye ni member.

Kwa kifupi, niko Nyasubi, Kahama, nauza vipuri vya pikipiki. Wateja wangu wengi ni bodaboda wanaopeleka wachimbaji njia ya Bulyanhulu. Maisha tunasogeza.

Sasa joto. Watu wa Lushoto na Njombe mtanisamehe, hamtaelewa. Huku kuanzia mwezi wa tisa mpaka mvua za kwanza zishuke, jua halina utani. Bati likishapata moto asubuhi halipoi mpaka watu wamelala. Na mwaka huu mvua zimechelewa, wakati mke wangu alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho.

Mimba ya kwanza. Miguu imevimba, anahama chumba hadi chumba akitafuta sehemu ya sakafu yenye ubaridi ajilaze. Nilikuwa nikirudi mchana namkuta amelala chini, kanga imelowa.

Niliogopa, wakuu. Mimi ni mtu wa hofu tangu kuzaliwa, mke wangu husema naweza kukosa usingizi kwa sababu mbuzi wa jirani kakohoa. Lakini safari hii nilikuwa na sababu. Kliniki walishatuambia atajifungua kwa upasuaji, na kwamba kidonda hakitakiwi kukaa na jasho.

Ndipo nikaingia kwenye mambo ya AC.

Mpya sikuiweza. Kuna jamaa huwa ananunua vitu kambi za wakandarasi zikivunjwa, vitanda vya chuma, meza, matenki ya maji. Alikuwa na AC zile za dirishani, za sanduku, zilizotolewa kwenye makontena waliyokuwa wanalala wafanyakazi. Nikachukua moja kwa hela niliyokuwa nimeiweka ya kuweka dari kwenye chumba kidogo.

Fundi akatoboa ukuta wa chumba chetu cha kulala, akalisukuma lile sanduku humo, akaliwasha.

"Ina kelele kidogo, bosi," akaniambia, "ila itapuliza mpaka mtafute blanketi."

Kelele kidogo. Lile dude linanguruma kama karasha la kusaga mawe. Ukitaka kuongea na mtu mle chumbani lazima usogee sikioni. Lakini baridi ilikuja kweli, na siku ya kwanza mke wangu alilala mchana kutwa. Mimi nikakaa kitako pembeni namtazama anavyopumua vizuri, nikaona hela yangu haijapotea.

Kuhusu umeme, maana najua ndiyo mnachosubiri.

Zamani mita ya LUKU nilikuwa naikumbuka ikianza kulia. Baada ya AC nikawa naamka naiangalia kabla hata ya kunawa uso. Nilikuwa nanunua kidogo kidogo kila asubuhi, kama mtu anayenunua mafuta ya kupima, nikidhani nikinunua nyingi kwa mpigo zitaliwa haraka. Najua haina mantiki, msianze. Nikaweka sheria kwamba dude liwashwe jua likiwa kali tu, likipungua linazimwa, madirisha yanafunguliwa. Mboga ya nyama ikahamia Jumapili.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike. Tukampa jina la marehemu mama yangu, Limi. Kwa Kisukuma ni jua, na majirani hawakutuacha kwa hilo, wakasema tumeongeza la pili wakati la kwanza linatutosha.

Sasa tulieni hapa.

Kwa kawaida huku kwetu binti akikaribia kujifungua mara ya kwanza anarudi kwao, mama yake anamlea. Wangu kwao ni Ushirombo. Lakini kwa kile kidonda hakuna aliyetaka apande gari, na mama yangu ndiyo hayupo tena. Ikaamuliwa mama mkwe aje kwangu.

Wasio wa huku niwaeleze kidogo. Mkwe kwetu anaheshimiwa mpaka heshima inafanana na woga. Mimi Msukuma, wao Wasumbwa, hapo hatupishani sana. Huli naye pamoja. Humpi mkono. Mnasalimiana kwa mbali, wewe umeinama, macho chini, "shikamoo mama", "marahaba baba", basi. Ukirudi nyumbani unakohoa getini kwanza, ili ajiweke sawa au apishe. Na chumba unacholala na binti yake hakanyagi.

Vijana wa mjini mtasema ni mambo ya kizamani. Sawa. Ila mama mkwe wangu ni mkulima wa Ushirombo, mtu wa jembe na rozari, na hakuja Kahama ili abadilishwe.

Nadhani kosa langu mmeshaliona, mapema kuliko nilivyoliona mimi. Nilifikiria ukuta, waya, kelele na unit. Sikufikiria kwamba mtu anayekuja kumhudumia mzazi ndiye mtu pekee asiyeweza kuingia kwenye chumba chenye baridi.

Akafika na michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye gunia na kuku wamefungwa miguu. Tukampa chumba kidogo, kile kisicho na dari, ambacho ukuta wake unapigwa na jua mchana mzima. Nikamnunulia feni. Feni ilikuwa inachukua hewa ya moto kona hii inaipeleka kona ile.

Mchana alikuwa anakaa koridoni kwenye mkeka. Hapo anamwogesha mtoto, hapo anakunja nguo, hapo anasali. Na mke wangu, kwa kumwonea huruma mama yake, akawa anatoka chumbani na mtoto anakwenda kukaa naye kwenye joto.

Kwa hiyo watu wote niliowanunulia AC wako koridoni wanatoka jasho, na AC inapoza kitanda.

Mama akigundua anamfukuza binti yake. Nilimsikia siku moja nikiwa nje kibarazani. "Rudi ndani na mtoto. Mume wako hajanunua hilo dude lipoze mito."

Nilimtuma mke wangu akamwambie tubadilishane vyumba, yeye achukue kile cha AC, sisi tuhamie kidogo. Jibu lilirudi palepale. "Nilale kitanda cha mkwe wangu? Nikirudi nitawaambia nini wenzangu wa jumuiya?"

Mjadala ukafungwa.

Siku zikawa zinapita na mimi naanza kuona mambo. Midomo yake imekauka. Akisimama anashika ukuta kwanza. Vidonge vya presha anameza, mke wangu alihakikisha, lakini kichwa kilikuwa kinamuuma na hasemi mpaka aulizwe mara nyingi. Kumtazama usoni siruhusiwi, kwa hiyo nilikuwa nayajua haya kwa kuiba iba macho, na kila nilichoiba kilinitisha zaidi.

Nikawa siwezi kukaa dukani. Mteja anaulizia cheni mimi namletea plagi. Picha niliyokuwa nayo kichwani ni mama wa watu amefia nyumbani kwangu, na mimi natakiwa kupeleka jeneza Ushirombo kwa wazee walionipa binti yao.

Basi nikaanza kurudi nyumbani. Kwanza mchana tu. Baadaye asubuhi pia, halafu alasiri. Nakohoa getini, nasalimia kwa mbali, naangalia LUKU, nakaa kibarazani najifanya nasoma simu. Namuuliza mke wangu, "Mama anaendeleaje?" Ananijibu, "Anasema hajambo." Hainitoshi, naendelea kukaa.

Jumapili moja nilikaa pale kibarazani kutwa nzima. Nilijiona mkwe mwema.

Siku yenyewe ilikuwa jua la mchana, lile ambalo hata mbwa hatoki uvunguni. Moyo ulikuwa umenikaa vibaya tangu asubuhi. Nikafunga duka nikaenda.

Nikakohoa getini.

Kila siku nikikohoa nasikia kandambili zake zikiburuzika, halafu sauti, "Karibu baba." Siku hiyo kimya. Nasikia AC tu inavyonguruma.

Nikasubiri. Nikakohoa tena, kwa nguvu, kama mgonjwa wa kifua. Kimya. Nikajisemea labda yuko bafuni. Na mtu mwenye adabu zake akihisi mkwe yuko bafuni anafanya nini? Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikaligeuzia geti mgongo, nikawa natazama barabara.

Wakuu, hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Nimesimama juani naangalia bodaboda zinapita, kwa heshima zote, na yule mama yuko chini.

Kilichonitoa pale ni harufu. Uji unaungua. Nikageuka nikachungulia, jiko la mkaa liko uani, sufuria inafuka moshi na hakuna mtu. Mama yule hajawahi kuacha uji wa mzazi uungue. Hata hivyo niliita "hodi" kwanza, miguu inagoma kuingia. Halafu nikaingia.

Alikuwa koridoni, ameanguka ubavu, nusu kwenye mkeka nusu kwenye saruji. Mlango wa chumbani uko palepale karibu, umefungwa ili baridi isitoke. Nyuma ya mlango huo mke wangu na mtoto wamelala, mama mwenyewe ndiye aliyewafukuzia humo. Kwa kelele za lile dude, mtu angeanguka na kabati wasingesikia.

Nikaita, "Mama." Akafungua macho kidogo, akaniona. Mkono wake ukaanza kupapasa sakafuni, unatafuta kanga iliyomtoka kichwani.

Mtu hali yake ni ile, anatafuta kanga kwa sababu mkwe amemuona kichwa wazi.

Nikamwinua. Mikono yote miwili. Alikuwa wa moto na ngozi kavu, na mwepesi kuliko nilivyotegemea. Akasema maneno kwa Kisumbwa sikuyaelewa, na sijamuuliza mtu maana yake. Nikausukuma mlango kwa mguu, nikaingia naye, nikamlaza kitandani kwangu.

Mke wangu akaamka. Akatuangalia.

"Baba Limi," akasema taratibu, "umemshika mama."

"Lete maji," nikamwambia. "Na kanga ulowanishe."

Tulimfunika kanga mbichi, dude linampulizia, mimi napiga simu kwa bajaji. Mtoto naye akaanza kulia. Sikumbuki vizuri tulivyotoka pale.

Kituo cha afya walimtundikia dripu. Mganga wa zamu, dada mdogo tu, akaniuliza, "Huyu mama anakunywa maji?"

Nikajibu kwa kujiamini kwamba ndoo ya maji safi ipo muda wote, na kikombe chake kipo. Yule dada hakuandika. Akamgeukia mke wangu, akamwona ameinamisha uso.

"Baba, tupishe kidogo," akaniambia.

Baadaye mke wangu akanifuata nje, anatembea kwa kushika kidonda chake. Mtoto alikuwa amebebwa na nesi. Akakaa kwenye benchi, akanieleza.

Choo chetu na bafu viko uani. Mlango unatazamana na kibaraza, palepale ninapokaa na simu yangu. Mama mkwe hawezi kupita mbele ya macho ya mkwe anakwenda chooni. Haiwezekani, ni aibu ambayo hata kuitamka ni shida. Kwa hiyo alikuwa na mpango wake. Nikitoka asubuhi anakunywa maji, anamaliza haja zake, akisikia kikohozi changu getini anaacha kunywa mpaka nitoke tena.

"Mwanzoni alikuwa anaweza," mke wangu akasema. "Ulikuwa unashinda dukani. Siku hizi hutoki."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Kila nilivyokwenda kumwangalia kama anazidiwa na joto, ndivyo nilivyokuwa namkatia maji. Ile Jumapili niliyojiona mkwe mwema, mama wa watu alishinda kwenye chumba kisicho na dari bila kupitisha hata tone.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje habari za choo cha mama yangu?"

Na kweli angeniambiaje.

Nikampigia baba mkwe. Ilikuwa lazima asikie kutoka kwangu. "Shikamoo baba. Nina jambo zito." Akaitikia, akaniambia niseme. Nikamsimulia yote, isipokuwa la choo.

"Ulimwinua wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa hai ulipomwinua?"

"Alikuwa hai."

"Na sasa?"

"Yuko hai, baba. Ana dripu."

Akashusha pumzi. "Mbuzi wa faini utaleta, hilo halina mjadala. Halafu tutakaa tumle wote."

Kwa upande wa mzee nikapumua. Kwa mama bado. Alipopata nguvu ya kuongea, neno la kwanza lilikuwa anataka kurudi Ushirombo leo hii. Alimgeuzia binti yake mgongo, akaangalia ukuta. Mganga akasema presha haijashuka vizuri na safari ya gari kwenye joto hili ni hatari. Mke wangu akaanza kulia, mama yake hasikii.

Nikajua akipanda lile gari huenda hatafika. Na akirudi kwangu, hatakunywa maji.

Nikafikiri, wakuu. Nikamwambia mke wangu, "Nenda kamwambie mimi nahama. Nitalala dukani. Kitanda nakitoa leo na nguo zangu zote, hakitabaki hata kiatu. Nitaleta godoro jipya ambalo sijalalia. Hicho sio chumba changu tena, na getini kwangu sitakanyaga mpaka yeye mwenyewe aage."

Akaenda. Mimi nimesimama nje nasali sala ambazo sijazisali tangu kipaimara.

Akarudi.

"Amesemaje?"

"Ameuliza utakula wapi."

Hapo nikajua amekubali.

Ndiyo maana mnaniona naandikia dukani, kati ya matairi na madumu ya oili. Kitanda changu kiko hapa nyuma, chakula naletewa kwenye hotpot na kijana wa bajaji. Limi namwona kwenye picha. Shati nikihitaji natumiwa. Joto la humu ndani ni la kwake, usiombe, ila hakuna anayenionea aibu.

AC sasa inawashwa mapema na inazimwa jua likizama, sheria zangu za zamani zimekufa. Nanunua unit nikiwa hapahapa, namtumia mke wangu namba kwa meseji anaziingiza. Sitawadanganya, umeme unakula faida ya duka na naumia. Mvua bado. Mawingu yanajikusanya upande wa Geita halafu yanatawanyika, na kila yakitawanyika nanunua unit nyingine.

Mganga alitoa agizo kwamba mama amalize jagi moja la maji kabla ya mchana na jingine kabla ya jua kuzama. Nami kazi yangu imebaki kusubiri simu. Siwezi kwenda kuhakikisha. Nikienda ndiyo nimeharibu. Kwa mtu wa hofu kama mimi, kukaa hapa bila kwenda kuchungulia ni adhabu kubwa kuliko hili joto.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujatoboa ukuta kwa ajili ya AC, jiulize nani atakuwa nyumbani kwako mchana, chumba gani anaweza kuingia, na choo anakwendaje. Hayo fundi hatakuuliza. Na kama una mama mkwe ndani na unampenda kweli, mpe nafasi. Ondoka. Usikae kibarazani.

Wenye uzoefu mseme. Mliowahi kukaa na wakwe msimu wa joto mlifanyaje? Na kuna anayejua AC ya sanduku inapunguzwaje kelele? Wale wa "kwa nini hukujenga choo cha ndani", nimeshajiambia mwenyewe, ila karibuni mnikumbushe.

Nimehariri kuongeza: Mama Limi kapiga sasa hivi. Jagi la mchana limeisha, na mama kaomba lijazwe tena.